Zoezi la Panya na Inyamanza

Rumonge, 6 Machi 1972

Mwalimu ameniletea kaye, daftari mpya ya mistari, na kalamu ya biki. Anasema nisipoandika kila siku, hata mstari mmoja, yote aliyonifundisha yatanitoka. Haya. Mimi ni Mwasiti, mjane, naanika na kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, hapa ufukweni. Nina uwanja wa kuanikia, nina depo moja ya matofali, ghala la samaki, na nina mdomo. Hilo la mdomo linajulikana Rumonge nzima, afadhali niliandike mwenyewe kabla hawajaliandika wengine.

Mwalimu ni mume wa binti yangu Kadidja. Wanakaa Kizuka, shule iko huko. Kwetu mkwe hatajwi jina. Mama yangu alikufa bila kulitamka jina la marehemu mume wangu, na mimi la huyu sijalitamka, mwaka wa tatu sasa. Namwita Mwalimu, basi. Lakini kuandika sijakatazwa na mtu: Sylvestre. Nimeliandika, limetosha.

8 Machi

Amenipa zoezi. Alikaa mlangoni, uso kaugeuzia barabara kama inavyompasa mkwe, mimi ndani nyuma ya pazia, Kadidja katikati yetu anacheka. "Mama, andika habari za wanyama wawili wa hapa kwako. Wanafanana wapi, wanaachana wapi." Nimechagua panya, kwa sababu nina hasira naye, na inyamanza, kale kandege keusi na keupe kanakotembea uwanjani kakitikisa mkia.

11 Machi

Hili hapa:

Panya anaiba ndagala. Inyamanza naye anaiba ndagala. Panya anaiba ndani ya depo, anajificha, anatoboa mifuko na kukojolea anachobakiza. Inyamanza anaiba mchana kweupe mbele ya macho yangu, anachagua kadogo, anakapiga chini mara mbili, anameza. Akishiba anapanda juu ya bati anaimba. Panya hana wimbo. Panya ana miguu minne na mkia wa kuchukiza. Panya ni mwizi na alaaniwe.

Mwalimu ameandika chini kwa kalamu nyekundu: "Mama, wote wawili umesema ni wezi, lakini mmoja tu umemlaani. Kwa nini? Rudia."

Ati rudia! Mtu mzima na wajukuu njiani.

12 Machi

Nimemuuliza Marguerite, mke wa agronomu, bwana shamba, jirani yangu. Yeye ni mtu wa milimani, mambo ya inyamanza anayajua. Anasema inyamanza hauawi. Akijenga kwako ni heri, ukimuua ng'ombe wako wanakufa. Nikamwambia sina ng'ombe. "Basi subiri uone ndagala wako," akasema. Tulicheka mpaka akashika ukuta. Alikunywa chai vikombe viwili kwangu, akaenda zake.

15 Machi

Mvua.

16 Machi

Mvua. Ndagala za juzi zimeoza kwenye mchanga. Nimezimwaga.

2 Aprili

Kadidja na Mwalimu wamekuja kula. Mkwe hali mbele yangu, nilimpelekea chumba cha mbele. Sahani ilivyorudi, tazama: vichwa vya ndagala vimekatwa vyote na kupangwa pembeni, kimoja kimoja, kama watoto wa shule mstarini. Watu wa Bugarama, kwao Mwalimu, ndivyo walivyo, ati kichwa kichungu. Nikamwambia Kadidja kwa sauti ili asikie: "Mwambie mume wako hapa ufukweni tunakula na vichwa, ndiyo maana tuna akili." Nikamsikia anacheka kule. Mwaka wa kwanza singemfanyia utani. Mwaka wa kwanza nilimwona mtu wa kunichukulia mtoto wangu, kusilimu kwake nikasema ni ujanja wa bwana harusi. Namwombea heri sasa, naandika wazi.

19 Aprili

Jua kidogo. Panya wametoboa mifuko miwili.

28 Aprili

Mbalamwezi, mitumbwi haitoki. Kadidja amekuja kulala kwangu siku tatu, tumbo kubwa, miguu imevimba. Mwalimu amebaki Kizuka.

2 Mei

Sijui nianzie wapi.

Jumamosi jioni waasi, Wahutu, walitoka upande wa kusini, wengi, na mapanga. Wengine tunawajua, wengine hatujapata kuwaona. Walikuwa wanatafuta Watutsi. Mimi na Kadidja tulijifungia chini ya kitanda, na mdomo wangu huu, siku hiyo, haukutoa hata pumzi. Marguerite alipiga kelele mara moja tu. Alikuwa anaita jina langu. Niliisikia vizuri, nikabaki chini ya kitanda.

Jumapili asubuhi nilimkuta kizingitini kwake, mume wake kwenye migomba. Nilimfunika na kitenge changu cha Idi. Sina zaidi la kusema juu ya hilo, na sitaki Mwalimu asahihishe ukurasa huu.

Sasa wanajeshi wamefika kutoka Bujumbura. Nao wanatafuta Wahutu, zaidi waliosoma: walimu, makarani, wauguzi. Wana karatasi zenye majina. Mwalimu ni Muhutu na ni mwalimu. Hajampiga mtu hata kofi, lakini nani anauliza hilo? Tangu Jumamosi hatujui aliko.

3 Mei

Kaka yangu Hamissi amemvusha Kadidja kwenda kwake Baraka, ng'ambo, Kongo. Alinishika mikono hataki kuingia mtumbwini. "Mama, akija hatakuta mtu." Nikamwambia: "Atanikuta mimi." Ndiyo maana nimebaki. Sikubakia ndagala wala depo. Nimebaki ili mume wa mtoto wangu akija akute mtu wa kumvusha.

5 Mei

Hakuna habari.

6 Mei

Hakuna habari. Mvua kubwa, bati la depo linavuja. Nimekinga ndoo ndani.

8 Mei

Leo basoda, wanajeshi, wamekuja kwangu. Wanne, na kapora, mkubwa wao, anaitwa Casimir, kijana mrefu, sauti ya chini. Watakaa uwanjani kwangu kulinda ufukwe, mitumbwi isitoke bila ruhusa. Kapora alisoma karatasi: "Sylvestre, mwalimu wa Kizuka. Ni mukwe wako?"

Nikaona nikinyamaza watapekua, nikilia watapekua. Nikafanya ninachojua kufanya, nikafungua domo. Nilipiga kelele kila mtu wa ufukweni asikie: "Mukwe gani? Mwizi wa binti yangu yule! Akija hapa sitamwacha akae chini, namfunga mimi mwenyewe na kamba ya wavu nawaletea! Hata mate yangu simpi!" Nikatema chini. Basoda walicheka. Kapora akafuta jasho, akakunja karatasi, akanishukuru kwa lugha yao, "Murakoze, Mama." Hawakupekua.

Nilijiona mjanja.

10 Mei

Inyamanza amejenga juu ya mlango wa depo, pale bati linapokutana na ukuta. Kapora amemwona kabla yangu. Amewakataza basoda wake wasiegemeze bunduki pale.

12 Mei

Hakuna mitumbwi, hakuna ndagala mpya. Nilizo nazo ndizo hizo ndani ya depo. Na panya wamezidi! Mfuko wa pili umefunguliwa mdomo.

13 Mei

Mvua ilikuja ghafla leo, nimeanika tena za depo. Kapora aliacha bunduki yake, akakimbia kunisaidia kukunja mikeka. Ana mama yake Ijenda, anasema, mama mwenye mdomo kama mimi. Alinipa sukari. Nimeipokea. Sijui niandike nini juu ya mtu huyu. Ningependa awe mbaya uso na roho, ingekuwa rahisi.

15 Mei

Kamyo mbili, malori ya jeshi, zimepita barabarani, zimefunikwa turubai. Hatukutazama.

17 Mei

Nimelirudia zoezi. Hakuna wa kulisahihisha, nalirudia hivyo hivyo.

Panya na inyamanza wote wanakula jasho langu. Wote wanaishi chini ya bati moja. Wote wana watoto, na mama panya akishikwa anabaki juu ya watoto wake, nimeona kwa macho yangu. Inyamanza anakuja mpaka miguuni kwangu. Panya akisikia kanga yangu tu anakimbia. Zamani niliandika ni kwa sababu panya ana hatia. Leo nasema ni kwa sababu panya amesikia ninayomwahidi. Kandege hakana wema wowote wa kumzidi. Kanapendwa tu, kamezaliwa kakapendwa.

19 Mei

Nilikuwa nachambua ndagala, Kapora amekaa karibu na mlango anawatazama inyamanza wanavyolisha watoto. Watatu, midomo wazi. Alitabasamu kama mtoto. Nikamuuliza, "Na wale mnaowatafuta, wamebaki wengi?"

"Ni panya, Mama," akasema, sauti ile ile ya chini. "Ukiacha moja mu shimo, kesho iko kumi."

"Na hawa?"

"Hawa hawana kosa."

Nikainama nikaendelea kuchambua. Nilikuwa nimevaa kanga nyeusi, hakuona machozi yalipoangukia.

20 Mei

Ndoo ya depo niliiacha imejaa jana, leo iko nusu. Hata maji wananinywea!

21 Mei

Hakuna habari. Siku ya kumi na nane tangu Kadidja avuke. Hamissi alipita mbali kwa mtumbwi, alinyanyua mkono, maana yake Kadidja bado hajajifungua. Mimi sikunyanyua wangu, maana yake Mwalimu hajaja.

22 Mei

Mfuko wa tatu. Nimelia kwa hasira, nimetukana panya na mama yao na bibi yao. Wavuvi wamefungiwa, njaa inakuja, na mali yote niliyoweka ya kumvushia mkwe wangu iko mle inaliwa. Kapora amenionea huruma, ameniletea dawa ya panya kutoka ghala lao, unga wa rangi ya buluu. Amenionyesha kuchanganya na ndagala kwenye sahani. "Funga mlango vizuri," akaniambia, "inyamanza asiingie akala, Mama. Utanihuzunisha."

Alasiri nimeweka sahani mbili nyuma ya mifuko. Nimefunga kwa kufuli.

24 Mei

Naandika mchana, nimejifungia. Nitaandika yote kama yalivyotokea, bila kulia, kisha nitalia.

Asubuhi nilifungua depo kuona panya waliokufa. Hakuna hata mmoja. Sahani ya kwanza haijaguswa. Nikasogeza mifuko kutafuta ya pili, na juu ya ubao wa chini nikaona vichwa. Vichwa vya ndagala. Vimekatwa, vimepangwa, kimoja kimoja, mstari mzima mpaka ukutani.

Nilisimama. Panya hakati kichwa. Panya hapangi. Panya hafungui kamba ya mfuko. Nikakumbuka ndoo. Nikakumbuka sahani ya pili, ile ya buluu, iko huko nyuma kwake, na tangu juzi amefungiwa nayo humo.

Ningeweza kunong'ona. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi. Ningeweza kufunga mlango, kupanda juu ya mifuko, kunong'ona kama watu wanavyonong'ona msibani. Lakini mdomo wangu haujafunzwa kunong'ona, na nilimwona amekwisha kufa. Nikaita. Niliita kwa sauti ninayoitia mitumbwi iliyo majini:

"Sylvestre! Usile! Sylvestre, iko na dawa, usile!"

Miaka mitatu sijalitamka. Limetoka lote.

Mifuko ya nyuma ikasogea, akatokea, Mungu wangu, ndevu, macho makubwa, shati la shule limekuwa kitambaa cha jiko. Sahani mkononi, imejaa vile vile. Hakuwa ameigusa.

"Amahoro, Mama," akanisalimu. "Niliona rangi yake. Sikula." Na uso aliugeuzia ukuta, hata pale, kama mkwe anavyopaswa.

"Tangu lini?"

"Tarehe sita. Niliinua bati la nyuma. Nilitaka kukuita asubuhi yake, nikangoja kesho yake, ndipo wakaja, nikasikia ulivyowaambia."

"Nilikuwa nawadanganya! Sylvestre, mwanangu, nilikuwa nawadanganya wao!"

"Basi mimi pia ulinidanganya," akasema, na akacheka kidogo, kicheko kile cha chumba cha mbele.

Kivuli kiliingia mlangoni. Kapora Casimir alikuwa amesimama pale, bunduki mkononi. Hakukimbia, hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa kuingia, asiguse kiota.

"Ni yeye, Mama?" akaniuliza.

Nikasema si yeye. Nikasema ni mvuvi, ni mwizi, ni kichaa. Nilimshika Kapora miguu, nikamtaja mama yake wa Ijenda, nikamwambia huyu hana kosa, mke wake anakaribia kuzaa, nichukue mimi. Alinitoa miguuni kwake taratibu, kama mtu anavyotoa mtoto aliyelala. "Umeita jina lake mara tatu, Mama," akasema.

Mwalimu aliweka sahani chini. Alipopita karibu nami, kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. Akasema: "Usimwache Kadidja peke yake." Wakamtoa. Kamyo ilikuwa barabarani, haikuchukua muda hata wa kuchemsha maji.

Kisha Kapora akarudi peke yake. Nilidhani amerudi kuniua na nilishukuru. Akachukua zile sahani mbili, akazipeleka nyuma, akachimba shimo, akazifukia na dawa yake yote, akakanyaga udongo vizuri. "Watoto wa inyamanza wataruka kesho kutwa," akasema. "Wataokota kila kitu."

25 Mei

Sikutoka.

26 Mei

Nimeenda mpaka kambini kwao. Wamenifukuza. Mwanamke mmoja aliyekuwa pale tangu juzi akaniambia, rudi nyumbani, ile kamyo haikurudi na mtu.

27 Mei

Wameruka wote watatu.

2 Juni

Kapora amenisalimu kila asubuhi. Kila asubuhi nimeitikia. Namwogopa, na kinachonitisha zaidi ni kwamba ananihurumia kwa kweli. Ningemwona mnafiki ningelala. Yeye ni mwema kabisa, kwa ndege, kwa mama zake wote, mpaka mahali fulani, na hapo mahali panaishia, na hajui kama panaishia.

9 Juni

Mvua zimekwisha. Vumbi. Depo siingii.

14 Juni

Hamissi ameruhusiwa kutia mtumbwi hapa, amekuja mchana. Kadidja amejifungua mtoto mwanaume, mzima, siku tano sasa. Hamissi alinitazama, akauliza: "Nimwambie nini? Kila siku ananiuliza kama umemwona Mwalimu."

Nikamwambia: "Usimwambie kitu. Nitakwenda kusema mwenyewe."

Akasema, "Dada, sema amechukuliwa Kizuka. Wengi wamechukuliwa huko. Nani atajua?"

Kapora Casimir ndiye aliyeniandikia ruhusa ya kuvuka.

16 Juni, Baraka

Tulifika mchana. Kadidja amekonda, amekaa kwenye mkeka kibarazani kwa Hamissi. Alinipa mtoto kabla ya salamu, nikampakata. Ana paji la uso la baba yake, na vidole virefu. Nikasema bismillah masikioni mwake, nikambusu mkono.

"Mama," akasema, "umemwona?"

Njia yote majini nilikuwa na maneno mawili, ya Hamissi na ya kwangu. Ya Hamissi yalikuwa mepesi na nilikuwa nayo tayari mdomoni. Mtoto alikuwa ameshika kidole changu.

"Nimemwona," nikasema. Nikamweleza yote. Nikaanza na matusi niliyomtukana mbele ya basoda, kwamba aliyasikia yeye akayaamini. Nikamweleza siku kumi na nane alizokaa hatua ishirini kutoka kitandani kwangu, akila ndagala kavu bila moto, mimi namlaani nikidhani ni panya. Nikamweleza dawa, nikamweleza kwamba hakuila, kwamba hakukuwa na haja ya kumwita. Na kwamba nilimwita. Na jina nililoita. Nikamweleza alichosema mlangoni.

Hakulia. Hakunitukana, na nilikuwa nangoja anitukane. Alitazama maji. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akamchukua mtoto wake kutoka mapajani pangu, akageuka upande wa ukuta kumnyonyesha.

Niko nje hapa, nasubiri kama ataniita.